Batili Ikifunguliwa

Kila kitu kiliharibika Jumanne tarehe 26 Juni 2018, saa kumi alasiri, jikoni kwetu, kwa kisu cha kupakia siagi. Kisu nilikishika mimi. Hilo nalitanguliza mapema, kwa sababu humu ndani nitawasema watu, tena watu wenye viti na mihuri, na sitaki aje mtu aseme Denzil Propst alijificha nyuma ya ofisi.

Lakini kabla ya kisu kulikuwa na foleni.

Ilikuwa Aprili ya mwaka 2004, milimani kwetu Virginia Magharibi, kwenye ukumbi wa zimamoto wa Harlow Fork. Ilikuwa Jumamosi ya karamu ya vitunguu mwitu, na watu walikuwa wamejaa hadi barabarani. Vile vitunguu vinachimbwa msituni theluji ikiisha, vinakaangwa kwa mafuta ya nguruwe pamoja na viazi, na harufu yake inasikika kabla hujaliona jengo. Mimi nilikuwa nimetoka zamu mgodini moja kwa moja. Uso nilikuwa nimenawa, lakini makaa yalikuwa yamenikaa kopeni kama wanja. Njaa ilinipeleka mbele ya watu bila kuangalia, nikaingia nyuma ya gauni la manjano.

Gauni likageuka.

"Kaka, foleni ina mkia. Mkia uko kule mlangoni."

"Samahani dada. Nilidhani wewe ndiye mkia."

Wenzangu wa mgodini wakacheka. Yeye hakucheka. Gauni lake lilikuwa na vifungo vyeupe kuanzia shingoni hadi magotini, juu amevaa koti la jinzi, chini buti zenye matope. Nywele amezibana kwa penseli. Penseli kabisa, ya kuandikia.

"Mimi ni mwalimu wa darasa la pili," akasema. "Watu wa kuchomekea nawaona kila siku. Ila kawaida yao wana miaka saba."

"Na ukiwakamata unawafanyaje?"

"Nawasimamisha karibu yangu, niwaone."

"Basi nimekamatwa, mwalimu."

Nikasimama karibu yake. Tulipofika kwenye meza ya chakula, yeye alichukua maharage na mkate wa mahindi, vitunguu akaviruka. Mimi nilijaza sahani vitunguu, nikaanza kuvitafuna palepale. Kwetu mtu akivila hunuka siku tatu. Mtoto akija shuleni amevila, hurudishwa nyumbani.

"Unaogopa?" nikamuuliza.

"Jumatatu nitamfukuza mtoto gani kwa harufu, nami nanuka kumshinda?"

"Sawa. Ila mimi nimeshakula, na nilikuwa nataka kukusindikiza."

Sasa huko kwetu kuna kanuni ambayo haikuandikwa na serikali, ndiyo maana inafanya kazi: wapenzi hula wote wawili, au hawali kabisa. Arletta Crites alinitazama, akaitazama sahani yangu, akachomeka uma wake kwenye vitunguu vyangu bila kuomba ruhusa. Akatafuna taratibu, macho yakamtoka machozi kwa ukali.

"Haya," akasema. "Tumelingana. Nisindikize."

Tulioana tarehe 28 Juni ya mwaka uliofuata.

Mimi shule niliiacha darasa la tisa. Nilikuwa najua kusoma kwa namna ya mtu anayevuka mto kwa kurukia mawe: neno hili nalipata, lile naliruka. Arletta hakunicheka hata siku moja. Baada ya chakula alikuwa anatoa vitabu vya darasa lake, vyenye picha za vyura na bata, anavifungua mezani.

"Weka kidole, mzee wangu. Herufi hazikimbii, wewe ndiye unayezikimbia."

"Huyu chura ana maneno mengi sana."

"Soma. Ukimaliza ukurasa unapewa busu."

"Je, nikimaliza kitabu?"

"Denzil! Soma."

Tulipanga maisha yetu hivyo. Mafuriko ya mwaka 2016 yakaja, yakachukua ghala, kuku, na shahada yake ya chuo iliyokuwa ukutani. Kwa kuku alinyamaza. Kwa shahada alilia. Mwaka uliofuata wenye mgodi wakatufungia mgodi kwa barua ya ukurasa mmoja, ambayo niliisoma yote bila kuruka neno, nikatamani nisingejua kusoma. Binamu yangu Harless akapiga simu kutoka mji mmoja wa jangwani, mbali, mwendo wa siku tatu kwa gari. "Huku mapaa yanaezekwa mwaka mzima," akasema. "Halafu mkeo mwalimu? Watamgombania."

Jimbo silitaji. Wenyewe wanajijua.

Tulihamia Mei 2018. Harless hakudanganya. Kwenye uzio wa shule, mita mia tu kutoka kwenye fleti yetu, kilining'inia kitambaa kikubwa chekundu: WALIMU WANATAKIWA HARAKA. Mwalimu mkuu, mama mmoja mwenye sauti kubwa na viatu vya raba, aliitwa Bi. Fonseca. Alimsikiliza Arletta dakika kumi, akampeleka dirishani, akamwonyesha chumba.

"Darasa la pili lile. Watoto thelathini na mmoja, hawana mwalimu tangu Januari. Funguo ningekupa leo hii."

"Nipe basi."

"Leseni yako ni ya kule. Huku wanataka ya huku."

"Nimefundisha miaka kumi na minne."

"Najua, mwalimu. Mimi najua. Waambie wao."

Wao walitaka fomu. Walitaka barua kutoka jimbo la zamani kwamba hakuwahi kumdhuru mtoto. Walitaka afanye mtihani wa katiba ya jimbo lao, kana kwamba mtoto wa miaka saba hawezi kujumlisha bila kumjua gavana. Walitaka alama za vidole vyake vyote kumi. Na walitaka matokeo yake ya chuo yakiwa ndani ya bahasha iliyofungwa na chuo chenyewe, ikapigwa muhuri mgongoni. Bahasha hiyo ingetumwa kwake, naye angeipeleka ofisini vilevile ilivyo, pamoja na mengine yote. Hata yeye mwenye matokeo hakuruhusiwa kuiona karatasi inayomsema.

Arletta aliandika maneno matatu akayabandika kwenye friji: LESENI. BIMA. HOSPITALI. Mimi fundi wangu alinilipa kwa siku, bima hakuijua hata kwa jina. Bima yetu sote wawili ilikuwa kwenye kazi yake, na kazi yake ilikuwa kwenye leseni.

"Kwa mpangilio huo," akaniambia huku akigonga friji kwa penseli. "Kwa hiyo usianguke kwenye paa kabla ya Agosti, mpenzi."

Sasa turudi Jumanne ile.

Nilishuka paani mapema, jua lilikuwa limeyeyusha lami tunayoezekea. Arletta alikuwa ameenda kuchukuliwa alama za vidole. Kwenye sanduku la barua nikakuta bahasha kubwa ya kaki, ngumu, imeandikwa jina la chuo chake. Moyo wangu ukaruka. Alhamisi ilikuwa siku ya ndoa yetu, mwaka wa kumi na tatu, na chini ya kitanda nilikuwa nimeficha fremu ya mbao za mjozi niliyoichonga mwenyewe. Habari ya matokeo haikunijia kabisa; nilidhani ameagiza shahada nyingine badala ya ile iliyochukuliwa na maji. Nikajisemea, nitaitia kwenye fremu, akirudi aikute ukutani.

Nikaipasua kwa pembeni, kwa kisu cha siagi, polepole, kama mtu anayefungua zawadi ambayo si yake.

Ndani hakukuwa na shahada. Kulikuwa na karatasi mbili za alama. Nikageuza bahasha nyuma, na hapo, juu ya kifuniko, muhuri wa bluu: BATILI IKIFUNGULIWA. Niliweka kidole, nikasoma kama nilivyofundishwa. Herufi hazikukimbia.

Mwanamume mwenye akili angemngoja mkewe mlangoni akamwambia. Mimi nilichukua gundi. Nikabandika, nikaweka kitambaa juu, nikapiga pasi. Ikatoka safi, ikang'aa kidogo tu kwenye ukingo. Arletta aliporudi aliikuta mezani, akairukia.

"Imefika! Wewe, imefika!" Akaibusu bahasha, kisha akanibusu mimi. "Mbona umenuna?"

"Jua."

"Pole, mume wangu. Njoo unywe maji."

Kesho yake akaituma.

Shule zilifunguliwa Agosti mwanzoni, leseni haikuja. Bi. Fonseca akamwingiza darasani kama mwalimu wa kujazia. Chumba kilekile, watoto walewale thelathini na mmoja, kazi ileile, ila malipo nusu na bima hakuna. Septemba ikaja barua ya mstari mmoja: maombi hayajakamilika. Alipiga simu akiwa amesimama jikoni, gauni la kazi bado mwilini, chaki kwenye mkono wa gauni. Baada ya dakika arobaini za muziki akapata mtu.

"Ofisi ya leseni."

"Habari dada. Naitwa Arletta Propst. Nimepata barua inasema maombi yangu hayajakamilika."

"Ndiyo, hayajakamilika."

"Sawa. Kumepungua nini?"

"Barua itakuwa imeeleza."

"Barua imesema hayajakamilika."

"Basi ndivyo yalivyo, mama."

Mimi nikatoka nje. Kila alipoishika simu ile nilitoka nje, nikajifanya natazama matairi ya gari. Mwanamke si mjinga, aliona. Ila aliona visivyo.

"Unafurahi," akaniambia jioni moja, uso umemsawajika.

"Nafurahi nini?"

"Leseni isitoke, nikate tamaa, turudi milimani. Jangwa limekushinda, unaona aibu kusema."

"Arletta, jamani, si hivyo."

"Ni vipi basi? Niambie ni vipi."

Nafasi ilikuwa hiyo, imefunguka kama mlango. Nikasema, "Nimechoka tu," nikaufunga.

Oktoba alianza kuweka mkono chini ya kwapa la kushoto, anaposoma, anapokoroga chungu. Nikamuuliza, akasema ni mto wa kulalia. Siku nyingine nikamkuta mbele ya kioo, gauni ameliteremsha bega moja, anabonyeza.

"Twende hospitali," nikasema.

"Kwa bima ya nani? Leseni, bima, hospitali. Umesahau kusoma?" Akacheka, akaninyoosha kola. "Wananipiga kalenda tu, hawa. Mwezi huu itatoka."

Watu waliompiga kalenda walikuwa na bima, hilo nina hakika nalo.

Alidhani kosa ni la chuo, kwamba karatasi walizotia kwenye bahasha zilipungua. Yeye ambaye hakumpandishia sauti hata mtoto aliyemtapikia, alimpigia karani wa chuo, mama wa watu aliyekaribia kustaafu, akamwambia, "Mmeniharibia maisha kwa uzembe wenu." Yule mama alilia kwenye simu. Mimi nilikuwa nje na matairi.

Katikati ya Novemba Bi. Fonseca akachoka. Alimchukua Arletta kwa gari lake hadi ofisi ya leseni, wakaketi mbele ya dirisha, akatangaza kwamba hataondoka kwenye kiti mpaka alione faili. Walikaa toka asubuhi hadi saa nane mchana. Mwishowe kijana mmoja mwenye tai akalileta, akatoa bahasha, akairudisha kupitia dirishani bila neno.

Nilikuwa nakata viazi alipoingia. Aliiweka bahasha juu ya viazi.

Mbele kulikuwa na muhuri mwekundu wa kupokelewa, tarehe 9 Julai. Chini yake mtu alikuwa ameandika kwa kalamu: *ilishafunguliwa, haipokelewi*. Tarehe 9 Julai! Walijua tangu siku ya kwanza, wakaiweka ndani ya faili, faili ndani ya kabati, wakaenda kunywa kahawa. Nikafungua mdomo niwatukane, lakini Arletta alikuwa amegeuza bahasha upande wa pili. Ukingoni, ndani ya gundi iliyokauka, palikuwa na alama ya dole gumba. Nyeusi. Lami ya paa.

"Walitaka alama za vidole vyangu, Denzil," akasema, sauti chini kabisa. "Mbona wamepata na vyako?"

Nikamweleza yote, kisu, fremu, gundi, pasi. Nikaitoa fremu chini ya kitanda nimwonyeshe. Hakuishika.

"Kuifungua nakusamehe," akasema. "Hata mtoto angefungua. Lakini Juni, Julai, Agosti, Septemba, Oktoba." Alihesabu kwenye vidole kama anavyowahesabia watoto. "Nimemliza mama wa watu bure. Miezi mitano ulikuwa unaniona. Kwa nini hukuniambia?"

Nilitazama viazi.

Sikukuu ya bata mzinga, ile ya shukrani ya Novemba, nilikula mikate ya dukani, peke yangu. Yeye alikuwa kwa dada yake Wanita, milimani. Nikampigia siku ya kwanza, Wanita akasema yuko bafuni. Siku ya pili, bafuni. Siku ya tatu nikasema, "Shemeji, dada yako ataota magamba. Mpe simu."

Akapewa. Nikachukua kilichokuwa mbele yangu mezani, kijitabu cha masharti cha ofisi ile, nikaweka kidole, nikaanza kumsomea.

"'Kifungu cha nne. Mwombaji a-ta-wasilisha...'"

"Atawasilisha," akasahihisha. "Usikate hapo."

"'Atawasilisha nakala halisi ya kila nakala isiyo halisi...'"

"Haijaandikwa hivyo!"

"Naapa imeandikwa hivyo, mwalimu. Njoo uone mwenyewe."

Nikasikia pumzi zake, kisha kicheko, kile cha puani alichokuwa akikizuia darasani. "Mjinga mkubwa wewe," akasema. "Endelea kusoma."

Nilimsomea kila jioni, jua halijazama bado huku jangwani, kwake usiku umeshaingia. Tulimaliza vifungu vyote arobaini na viwili. Mwisho wa kifungu cha mwisho nikasema, "Nimemaliza kitabu, Arletta. Napewa nini?"

"Basi linafika Jumamosi saa sita mchana," akasema. "Nywele chana."

Alishuka kituoni amevaa koti la jinzi, lilelile, limempwaya mabegani. Kituo kilikuwa kimejaa mabegi na watu wanaoitana. Alinipita kama hanijui, akaenda kusimama nyuma yangu.

"Kaka, hapa ndipo mkia wa foleni?"

"Ndipo, dada. Karibu."

Kwenye mkoba alikuwa na chupa ya vitunguu mwitu, Wanita alivitia kwenye siki. Akaifungua palepale kwenye benchi, tukala kwa vidole, mama mmoja aliyekaa karibu akahama. Wote wawili, au hatuli. Tukanuka, tukabusiana mchana kweupe kama vijana. Nilipomkumbatia upande wa kushoto, alishtuka kwa maumivu. Akasema ni kiti cha basi.

Alimpigia karani wa chuo akamwomba radhi. Yule mama akatuma bahasha nyingine moja kwa moja ofisini, na kumbe wakitaka wanapokea. Leseni ilitoka tarehe 22 Februari 2019. Niliitia kwenye fremu ya mjozi, nikaitundika. Arletta alikaa chini yake akaitazama kama watu wanavyotazama moto. Kwenye friji akafuta neno la kwanza. Machi mosi akafuta la pili. Tarehe 11 Machi tukaenda kufuta la tatu.

Daktari alikuwa mwanamke mdogo, mpole, na viatu visafi. Alisema uvimbe umetoka kwenye titi, umekwenda kwapani, umefika kwenye ini. Arletta akauliza maswali kama mwalimu, kwa mpangilio. Mimi nikauliza moja tu: angekuja Oktoba je? Daktari alitazama karatasi. "Bwana Propst," akasema, "hilo hakuna anayeweza kulijua."

Alifundisha kwa leseni yake siku kumi na tano. Watoto wake walimchorea vyura. Alifariki Jumanne tarehe 3 Septemba, asubuhi, dirisha likiwa wazi, kengele ya shule inasikika. Kile kitambaa chekundu bado kilikuwa kwenye uzio.

Mwaka jana ilikuja barua ya ofisi ile, kwa jina lake. Leseni yako inakaribia kwisha muda, walisema, ihuishe mapema uepuke usumbufu. Walijua kumwandikia, kumbe. Anwani walikuwa nayo, namba ya simu walikuwa nayo, iko juu kabisa ya fomu aliyoijaza kwa mkono wake mzuri.

Nikaketi pale mezani, nikaweka kidole chini ya kila neno, nikawaandikia. Sikutukana. Niliwaambia kwamba bahasha niliifungua mimi. Niliwaambia kwamba tarehe 9 Julai mliona, mkaandika kwa kalamu, mkafunga kabati, na mwanamke akangoja hadi Novemba akiamini wakubwa bado wanalishughulikia faili lake. Kisha nikaandika swali, nikatia sahihi, na badala ya muhuri nikagandamiza dole gumba lenye lami.

Hawajanijibu. Nikiwa naibandika ile bahasha nilijua kwamba swali lenyewe sikulitunga mimi. Niliulizwa mimi kwanza, jikoni humu humu, juu ya viazi, na hata mimi sikulijibu, si siku ile wala kituoni, wala zile wiki za mwisho alipokuwa amelala ananitazama, hana haraka, ananingoja kama alivyoningoja miaka yote nimalize mstari.

Kwa nini hukumwambia?